Kabula wa fani mbili: shajara ya mhusika, Kirumba, Juni hadi Oktoba 2025

Jumapili, 1 Juni

Leo nimefungua kaunta buku jipya kwa kazi moja tu, kumpanga Kabula, mhusika nitakayemchezesha mezani. Kampeni yetu inaanza baada ya wiki mbili, wote tukiwa levo ya 1, na safari hii sitaki mhusika wa fani moja. Nataka mseto. Nimeutaka tangu mwaka jana, nilipomaliza kampeni nzima nikiwa mpiganaji ambaye kila jioni alifanya jambo lile lile: anasogea, anapiga, anangoja zamu.

Kwa anayesoma bila kuujua mchezo: ni Dungeons & Dragons, toleo la tano, lile la 2014. Wenyewe ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Msimulizi anaeleza ulimwengu, kila mchezaji anamsemea mhusika wake, na penye shaka bahati inaamua. Kampeni ni hadithi moja ndefu ya vikao vingi, fani ni kazi ya mhusika, na levo ni ngazi anazopanda kwa pointi za uzoefu. Januari 2023 kanuni za msingi zilitolewa bure kwa leseni ya Creative Commons, hati ya kurasa 403. Mimi nafanya kazi steshenari, kwa hiyo kurasa tunazozihitaji nimezichapa mwenyewe mbele na nyuma, nikazipiga spiro. Hati hiyo inatoa njia moja tu, yaani tawi moja, kwa kila fani, na imetutosha.

Kete ya pande 20 hatujaiona duka lolote hapa mjini Mwanza. Tuna vizibo vya soda 20, upande wa ndani vimeandikwa 1 hadi 20 kwa maka peni, vimo kwenye kopo la maziwa ya unga. Unatikisa, unachomoa kimoja bila kuchungulia, unasoma kwa sauti, unakirudisha. Usipokirudisha hesabu inaharibika, maana anayefuata anachomoa katika 19. Msimulizi wetu ni mwalimu wa hisabati na jambo hilo halisamehe.

Majina ya fani tumeyachagua wenyewe. Mpiganaji, mjanja, mwindaji, kuhani. Mganga ni yule anayechota nguvu porini na kugeuka mnyama. Yule wa vitabu na kanuni za siri, wengi wangemwita mchawi. Sisi tumekataa. Kanda yetu hii neno hilo limewaua bibi zetu, na kosa lao lilikuwa macho mekundu yaliyoungua kwa moshi wa jikoni. Mezani kwetu anaitwa msomi.

Mpango wangu wa kwanza, nimeuandika kurasa tatu: mwindaji levo 5, mjanja 3, kuhani 1. Jumla 9. Anapiga mara mbili kwa zamu, anajificha, anatibu. Nimelala nikiufurahia.

Jumatano, 4 Juni

Nimeuchana.

Kilichouua ni kalenda. Levo ya 9 inataka pointi 48,000 za uzoefu, nasi tunacheza wikiendi moja kwa mwezi, ile ya karibu na mwezi mpevu. Sababu ni kaka anayecheza mpiganaji: yeye ni mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa wanafuata mwanga wa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola. Mbalamwezi ikishawaka ziwa zima, taa ya mtumbwini haina tena cha kuwaitia. Nyavu zinapanda nyepesi, na wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu na kukaa na familia. Basi kaka tunampata mbalamwezi tu, na bila yeye hatuchezi.

Kwa mwendo huo levo ya 9 ni ndoto. Nilikuwa nimempanga mtu wa kufika, nikasahau kwamba nitakaa naye njiani. Levo ya 2, ya 3, ya 4, kila moja nitaiishi mwezi mzima au miwili. Pale ninapokaa muda wote huo, mhusika awe na kazi ya maana mezani.

Na hata hiyo ndoto haikuwa nzuri hivyo. Mwindaji anahesabiwa nusu katika nafasi za uganga (mara unazoweza kuutumia kabla ya kulala, kila nafasi na daraja lake la ukubwa): levo zake 5 zinakuwa 2, ukiongeza 1 ya kuhani unapata 3. Hiyo ni nafasi 4 za daraja la kwanza na 2 za daraja la pili, basi. Kuhani mtupu wa levo ya 9 ana 4, 3, 3, 3 na 1. Kuongeza alama za mwili na akili kunakuja kila fani ikifika levo ya 4, kisha ya 8. Mseto wangu angeongeza mara moja tu, wenzake mara mbili, na mpiganaji hata tatu.

Tena mjanja tunaye. Dada fundi cherehani ameshasema atakuwa mjanja, na mtu haingii kwenye mlango wa mwenzake. Binamu yangu ni msomi. Kaka ni mpiganaji. Ukiangalia meza ile, hakuna anayetibu.

Jumamosi, 7 Juni

Alama. Tunanunua kwa pointi 27, kila alama inaanzia 8 na mwisho ni 15. Mpaka 13 unalipa moja kwa moja. 14 inagharimu 7 na 15 inagharimu 9, kwa hiyo kileleni ni ghali. Nimenunua 15, 14, 13, 12, 10 na 8, zikala pointi zote 27 bila chenji. Kabula ni binadamu, kila alama inaongezeka moja:

Busara 16, uimara 15, wepesi 14, mvuto 13, nguvu 11, akili 9.

Kanuni ya mseto inadai uwe na angalau 13 katika alama kuu ya fani unayotoka na ya ile unayoingia. Kuhani na mganga wote wawili wanataka busara tu. Mwindaji anataka wepesi na busara. Nikipiga mstari kwenye orodha ya fani 12, Kabula amefungiwa tatu pekee. Sijui bado ataingia mlango gani wa pili, lakini nimeuacha wazi kwa makusudi, na hilo ndilo jambo ninaloweza kulipanga leo kwa hakika.

Ataanza mganga.

Jumapili, 8 Juni

Nimekwenda Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, kwa sababu sikutaka mganga wangu awe wa misitu ya Ulaya yenye theluji. Nilichokifuata ni habari za Bayeye, chama cha wacheza na nyoka. Ngoma yao wengi wanaijua kwa sababu ya chatu, lakini nyuma ya ngoma kuna elimu: kumjua nyoka, kumkamata, na dawa ya aliyeumwa. Kijana anafundishwa na waliomtangulia. Dawa na ngoma vinakwenda pamoja.

Nimerudi na Kabula mzima kichwani. Jina lake amepewa kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Baba yake mvuvi. Amelelewa na bibi yake katika chama cha nyoka, na fimbo yake ya uganga ni ya bibi. Mwalimu amekubali chama hicho kiwemo katika ulimwengu wake, akakipa kijiji kwenye kisiwa.

Kinga yake: ngozi ngumu 12, wepesi 2, ngao ya mbao 2, jumla 16. Mganga havai chuma.

Jumapili, 15 Juni

Tumecheza jana na leo, kibarazani. Harufu ya dagaa wakavu wa soko la Mwaloni imetufikia mpaka mezani. Kabula ameshazoea sauti yangu. Pointi 320, kwa hiyo levo ya 2: amepata njia ya mganga wa nchi, nikachagua pwani, na sasa anaweza kugeuka mnyama. Mara mbili, kisha apumzike. Mnyama mdogo tu, asiyeruka wala kuogelea. Fisi, chui mdogo, mbwa mwitu.

Asiyeogelea. Kwenye kampeni ya ziwa. Hilo limeniuma kidogo.

Jumatatu, 23 Juni

Giza la mwezi, kaka yuko majini, hakuna mchezo. Alhamisi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na abiria wameagana na kivuko. Mwalimu akatuuliza kwa ujumbe kama na kivuko cha kampeni yetu kiondoke kwenye ramani. Tumepiga kura kibaki. Mzee wa kivuko kile ana siri ambayo hatujaimaliza.

Nimetumia jioni kuweka mamba kwenye hesabu. Mganga akifika levo ya 4 ya fani yake anaruhusiwa wanyama wanaoogelea, wenye ugumu (kipimo cha hatari ya mnyama) wa mpaka nusu. Mamba ni nusu kamili. Uhai 19, anaogelea futi 30, anabana pumzi dakika 15, na anachokiuma hakiachii. Kabula wa ziwa, akiwa mamba. Nimechora picha pembeni ya ukurasa, nikaifuta, nikaichora tena.

Akibaki mganga mtupu, mamba anapatikana kwa pointi 2,700. Akichukua levo moja ya fani nyingine kabla, mamba anasubiri levo ya 5, yaani pointi 6,500. Tofauti ni 3,800. Kwa mwendo wetu hiyo ni miezi.

Nimeandika chini, kwa wino: Mganga mpaka mamba. Kisha ndio tutafakari.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika saa 6 usiku, mkono bado unatetemeka kidogo.

Tulikuwa tunatafuta mtumbwi uliopotea kwenye matete. Kaka akasema mpiganaji wake atashuka peke yake kuangalia. Alikuwa na uhai 9 katika 20, majeraha ya asubuhi. Mimi nilikuwa na matunda sita yamebaki. Hiyo ni dawa ya mganga ya daraja la kwanza: matunda kumi yanatokea kiganjani, sisi tunayaita zambarau, kila moja linarudisha uhai 1 na kumshibisha mtu siku nzima, yanadumu saa 24. Nikamwambia, "Kaka, chukua matunda." Akajibu, "Moja moja hayo, mdogo wangu? Tunza tutakula jioni." Akashuka.

Mamba wawili. Wa kwanza, kaka alimuua. Wa pili akamng'ata 5, akabaki na 4, akamng'ata tena 8, akaanguka. Binamu akammaliza yule mamba kwa mishale ya nuru kutoka mtumbwini. Sasa mpiganaji amelala kwenye tope, sifuri, na kati yetu kuna futi 110 za maji.

Kuogelea kunakula mwendo mara mbili. Mwendo wangu ni 30. Nikitumia zamu yote kukimbiza mwili ni 60, majini inakuwa 30. Zamu nne kufika, ya tano ndiyo ya kumshika. Nafasi zangu tatu zilishakwisha, pamoja na ile moja ninayorudishiwa nikipumzika. Wanyama ninaoweza kugeuka, hakuna anayeogelea.

Mtu aliye sifuri anachomoa kizibo kila zamu yake. Kumi na kuendelea ni heri, chini ya kumi ni shari. Heri tatu ametulia, shari tatu amekufa. Kaka alitikisa kopo. Nne. Nikaogelea. Kumi na tano. Nikaogelea. Nane. Shari mbili. Nikaogelea. Dada fundi akaacha sindano aliyokuwa ameishika, maana huwa anashona huku tunacheza. Kumi na mbili. Nikaogelea, nikafika ukingoni, zamu ikaisha. Kaka akaingiza mkono, akakaa nao ndani ya kopo muda mrefu kuliko kawaida, akachomoa, akakigeuza kwenye taa.

Kumi.

Hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu alisema tu, "Ametulia," akafunga daftari lake, tukaomba chai.

Jumapili, 13 Julai

Tumecheza kipande kifupi, tumefika pointi 915. Levo ya 3. Natakiwa niamue leo.

Usiku wa jana unavuta pande mbili, na nimekaa nao tangu alfajiri.

Upande mmoja: ningekuwa mamba ningefika. Futi 30 za kuogelea, nikikimbiza 60, zamu mbili badala ya nne. Kwa hiyo mganga, mganga, niharakishe.

Upande wa pili ni yale matunda sita. Kuhani wa uhai, levo yake ya kwanza kabisa, ana jambo hili: kila uganga wa daraja la kwanza au zaidi anaoutumia kurudisha uhai unaongeza 2 pamoja na daraja la uganga huo. Halichagui uganga umetoka fani gani. Kwenye matunda, kila tunda linakuwa 1, na 2, na 1: nne. Waandishi wa kanuni wenyewe waliwahi kuulizwa na wakajibu kwamba ndivyo. Kumi ni 40. Yale sita yangekuwa 24. Kaka angekula matatu mtumbwini, angeshuka na uhai wake wote 20, wale mamba wangemng'ata 13 zile zile, na angebaki amesimama na 7.

Nimeiona tofauti hapo. Mamba ni mimi kumfikia mtu aliyekwisha kuanguka. Matunda anashuka nayo mwenyewe.

Bei yake nimeiandika yote, nisije nikalalamika baadaye. Hapa ndipo wengi wanajikwaa kwenye mseto, na nilijikwaa mwenyewe mara ya kwanza nilipoisoma kanuni. Sisi mezani uganga wa kuhani tunauita dua, wa mganga tunauita dawa. Dua na dawa ni mifuko miwili, kila mmoja unajazwa kwa levo ya fani yake peke yake. Nafasi za kuzitumia ni mtungi mmoja, unajazwa kwa jumla ya levo zote. Mganga 2 na kuhani 1 ni jumla 3, kwa hiyo mtungi una nafasi 4 za daraja la kwanza na 2 za daraja la pili, sawasawa na mganga 3. Lakini mfuko wa dawa bado ni wa mganga 2: hakuna dawa hata moja ya daraja la pili ndani yake. Zile nafasi mbili kubwa nitazitumia kwa uganga mdogo ulioongezwa nguvu, mwezi mzima, mpaka levo ya 4. Levo ya 5 itakuwa vivyo hivyo kwa daraja la tatu.

Mamba anasogea mpaka 6,500. Na kuhani wa uhai anafunguliwa mavazi mazito ya chuma, ambayo mganga havai. Kwa vazi la minyororo na ngao ningekuwa na kinga 18, nabaki na 16. Mlango nimelipia na siupiti.

Ninachopata: matunda, dua nne za kuandaa, mbili za njia yangu zisizohesabiwa (baraka na kuponya majeraha), na vijiuganga vitatu vya bure.

Nimemwandikia Mwalimu. Kabula alikaa na yule mtu topeni mpaka asubuhi. Alfajiri aliomba kwa Mwenye Maji, ambaye bibi yake hakuwahi kumtaja, na akajibiwa. Ule mstari wa wino wa Juni 23 nimeupiga kalamu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mganga 2, kuhani 1. Jana ilikuwa Nane Nane, nusu ya mji ilikuwa kwenye maonyesho ya wakulima Nyamhongolo, nasi tumeanza kwa kuchelewa.

Dada fundi amenitengenezea kifuko cha kitenge. Ndani kuna vizibo kumi vya soda ya zabibu, rangi ya zambarau kabisa, havina namba. Hayo ndiyo matunda. Nikitengeneza, nawagawia kwa mkono: kaka matatu, dada mawili, binamu matatu, mimi mawili. Anayekula anakirudisha kifukoni. Kabla ya leo matunda yalikuwa namba kwenye karatasi yangu, na mwenye kukumbuka alikuwa mimi. Leo kila mtu alikuwa na tiba yake mbele yake mezani, na wamecheza tofauti. Binamu, ambaye msomi wake hajawahi kusogea mbele ya mtu, ameingia pangoni wa kwanza.

Lakini usiku, wahusika wanapolala, nimefanya jambo ambalo hati inaliruhusu. Nilikuwa nimebakiwa na nafasi mbili za daraja la kwanza na moja ya daraja la pili. Asubuhi zote zinarudi. Matunda yanadumu saa 24. Basi nikazimimina zote kwenye matunda kabla ya kulala: 40, na 40, na yale ya nafasi ya daraja la pili yanakuwa 5 kila moja, 50. Jumla 130.

Mwalimu akachukua kalamu. Kaka 28, mimi 24, dada 21, binamu 17. Sisi wote wanne tukiwa wazima kabisa ni 90. Akaigeuza karatasi nikaisoma, hakusema neno.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemfuata mapema kabla wengine hawajafika. Nilikuwa nimefikiria usiku kucha na sikutaka anyang'anye tunda lenyewe, maana kuponya majeraha, dua ya kuhani ya daraja lile lile, kwa wastani inampa mtu mmoja 10 na nusu, na tofauti hiyo ndiyo sababu nzima ya mseto huu. Tatizo lilikuwa kulundika.

Nikamwambia, "Mwalimu, naomba tuseme kikapu kiwe kimoja. Nikitengeneza matunda mapya, ya zamani yananyauka."

Akafikiri. Akauliza, "Na yaliyo mifukoni mwa wenzako?"

"Nayo."

"Basi sawa. Nne ibaki nne."

Nimeridhika nayo. Arobaini katika 90 ni tiba ya kutosha mtu kuthubutu, na haitoshi mtu kupuuza. Nafasi zinazobaki nitazipeleka kwenye baraka, ambayo inawasaidia watatu kupiga na kujikinga, na ambayo nilikuwa sijaitumia hata mara moja kwa tamaa ya matunda.

Pointi 1,850.

Jumapili, 7 Septemba

Mchezo umeanza saa 10 jioni na umevunjwa na mwezi. Tulijua kwamba leo unapatwa, ila nilidhani tutachungulia tu na kurudi. Saa 2 na nusu ulikuwa umeshamezwa wote, mwekundu kama kaa la mkaa, na watu walikuwa wametoka nje mtaa mzima. Tumekaa ukutani na vikombe vyetu mpaka karibu saa 4. Kaka alikuwa akiangalia ziwa zaidi ya mwezi. Nyota zimerudi ghafla juu ya maji, giza la kuvulia katikati ya mbalamwezi. Akasema hajawahi kuuona usiku wa namna hii akiwa nchi kavu.

Tuliporudi mezani Mwalimu alikuwa ameshaingiza mwezi mwekundu kwenye kampeni. Hatukumuuliza kama aliupanga.

Pointi 2,760, levo ya 4: mganga 3, kuhani 1. Sasa mfuko wa dawa una daraja la pili, na njia ya pwani imenipa kutoweka kwa hatua ya ukungu: futi 30 kufumba na kufumbua, ndani ya zamu ile ile ninayoweza kufanya na jambo jingine. Nimehesabu haraka. Matete yale, futi 110: hatua mbili za ukungu kwa nafasi mbili kati ya zangu tatu za daraja la pili, na 50 zilizobaki kuogelea. Na zamu ni mbili, zile zile za mamba. Nimelikuta hilo leo, wala sikulipanga.

Na kama ningebaki mganga mtupu, leo ndiyo siku ningekuwa mamba. Nimeliandika ili liwepo.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua za kwanza zimeanza kugusa, tumehamia ndani. Pointi 3,640 baada ya leo. Mpaka mamba bado 2,860. Levo hiyo ya 5 nitaongeza busara kutoka 16 kwenda 18, na mifuko yote miwili itaongezeka kwa pamoja, kwa kuwa zote mbili zinaitegemea busara. Hiyo ndiyo faida ya kuoanisha fani zinazokula sahani moja. Levo ya 6 mganga 5, nipate kutembea juu ya maji. Kuhani wa pili sina haja naye kwa sasa. Levo ile moja inafanya kazi yake.

Leo hakuna aliyeanguka. Kaka alishuka peke yake mara mbili, na mara zote mbili alinyoosha mkono kwanza bila kuambiwa.

Tumemaliza saa 3 usiku. Anarudi majini giza likiingia, wiki ijayo hivi, kambi ni ya visiwani na atakaa huko mpaka mbalamwezi ya Novemba. Wakati wa kukusanya vitu, nimehesabu vizibo vya zambarau nikavikosa vitatu. Nikaangalia chini ya meza. Dada fundi akanigusa mkono, akanionyesha kwa macho: vilikuwa mfuko wa shati la kaka, vinaonekana kingo zake.

Mwalimu naye aliviona. Alikuwa ameshika kopo la namba, amemaliza kuhesabu 20, akaweka kifuniko na kumwambia kaka asafiri salama.

Kifukoni vimebaki saba.